Dada Yangu Mbele ya Alama Nyekundu

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Mweso tuko wazima. Mama yako amepanda maharagi tena. Wewe unayesomea kutibu macho, unauliza kama mashine ya kupima umeme wa jicho inaweza kukosea.

Inaweza. Dada yangu alipopimwa mjini akiwa mtoto, mimi nikiwa kando yake, alitakiwa akazie macho alama nyekundu. Lakini daktari alikaa kando ya alama hiyo, na kwetu mtoto hamkazii mkubwa macho. Kila mara aliyainamisha. Mstari wa mashine ukatoka dhaifu.

"Retina, ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, imekufa," daktari akasema.

"Dokta, alikuwa anaangalia chini!" nikasema.

"Wewe njo dokta?"

Papa akaamini kwamba haoni, akamtoa shuleni. Alipopimwa tena miaka mingi baadaye, muuguzi alisimama nyuma yake, naye akaikazia alama macho, na mstari ukapanda: jicho lilikuwa zima. Wakati huo alikuwa na watoto wanne, na jina lake hajui kuliandika.

Ukipima mtu, hakikisha kwanza anatazama wapi. Usipofanya hivyo, wewe ndiye utakayempofusha.

Babu yako