Niulize Tena Kama Kuna Nilichogusa

Gitting,
Katesh, Hanang.
12 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Oliva,

Nilikukosea. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka kama ng'ombe anayetafuta mlango wa boma mpaka karatasi iishe. Siku ile Dongobesh nilisema uongo juu yako mbele ya watu, na uongo huo ndio uliokutoa nyumbani.

Haya, sasa habari za Dodoma? Unakula vizuri? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kilipona? Najua wewe una adabu, ukiona mwandiko wangu utasema shikamoo hata kama umekasirika. Usiseme. Leo hiyo marahaba sina mdomo wa kuiitikia.

Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza, Mlima Hanang umejificha kwenye wingu na viazi vimeshika vizuri. Mama yako mzima, ila goti linamsumbua akishuka kanisani. Barua hii anakuletea Samira wa duka la vitenge hapa Katesh, anakuja huko kufuata mzigo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na kiukweli mimi nisingepokea pia.

Sasa nisikilize. Mengi unayajua kuliko mimi, lakini nataka niyaseme kwa maneno yangu kwa sababu nitayasema tena mbele za watu, na sitaki nishikwe na kigugumizi.

Minara yetu yote ya mtandao wa kijiji, kuanzia Katesh, Mogitu, Dongobesh, Mbulu hadi chini kule Yaeda, niliifunga mimi. Nilibeba betri za sola mgongoni. Kila ruta niliikonfiga mwenyewe, nimechuchumaa kwenye upepo na laptop juu ya magoti, naiandikia njia: ya Yaeda pitia Dongobesh, ya Mogitu pitia Katesh. Halafu ukarudi wewe kutoka chuo na faili lako moja. Umeandika humo kila ruta inavyotakiwa kuwa, na programu inazunguka minara yote yenyewe, inaifanya iwe kama faili linavyosema. Kisichokuwemo kwenye faili inakifuta. Kazi yangu ya mwezi mzima uliimaliza umekaa jikoni kwa mama yako, unakunywa chai.

Niliumia, Oliva. Sikusema, lakini niliumia. Watu wakaanza kunitania kwenye kilabu cha pombe: "Baltazar, siku hizi mlima anapanda mpwa wako, tena hachafui viatu!" Nikacheka nao. Moyoni sikucheka.

Na wewe ulikuwa mwangalifu, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Kila ukitaka kuiendesha hiyo programu ulikuwa unanipigia kwanza. "Shikamoo mjomba. Kuna chochote umegusa kwa mkono?" Ukishapata jibu ndipo unaendelea. Uliuliza hivyo kila mara, mpaka wanangu wakawa wanakuigiza nikishika tu simu.

Basi mwezi wa kumi na mbili radi ikapiga mnara wa Dongobesh. Redio inayorusha mtandao upande wa Yaeda haikufa kabisa, ilibaki inajibu nusu nusu, kwa hiyo ruta ikadhani njia bado ni nzima. Nikashuka Yaeda na pikipiki, nikaandika kwa mkono kwenye ruta ya zahanati, njia ipitie Mbulu. Ikakubali. Nesi Marieta akanipa uji, nikarudi.

Sikukuambia. Si unajua sisi, ukikuta boma la jirani limetoboka unaziba. Unaziba unapita zako, huendi kuripoti kwa mtoto uliyembeba mgongoni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kumbe boma lenyewe sasa lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa wewe.

Ulipopiga ukaniuliza kama kuna nilichogusa, nikasema, "Marahaba. Hamna." Neno moja tu. Nililisema makusudi. Sikujua itatokea nini, lakini nilijua nimegusa, na nilitaka uone kwamba faili lako halijui kila kitu.

Programu ikaenda kama ulivyoiagiza. Ikakuta mstari wangu ambao haukuwemo kwenye faili, ikaufuta, ikairudisha njia Dongobesh kwenye redio iliyopigwa na radi. Yaeda ikakatika. Na kule simu za kawaida hazishiki mpaka upande kilimani. Siku hiyo hiyo Restituta, mke wa Tluway, uchungu ulikuwa umekwama, na Marieta hana njia ya kuita gari. Ikabidi kijana wa pikipiki apande mpaka anapopata mtandao. Gari lilifika limechelewa sana. Mama na mtoto walipona, na tunamshukuru Mungu, ila mimi katika kupona kwao sina mkono.

Halafu, mwanangu, sehemu inayonichoma zaidi. Nilishuka Yaeda, nikaandika ule mstari wangu upya, mtandao ukarudi, watu wakanipigia makofi! Mzee Sebastiani, mwenyekiti wa kamati yetu ya minara, akasema kwenye mkutano wa Dongobesh, "Nyie vijana mlitaka laptop ipande mlima. Mkono wa mtu ni mkono wa mtu." Watu wakaangua kicheko. Ukasimama ukasema, "Nilimuuliza mjomba kama kuna alichogusa." Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Mimi sikumbuki kuulizwa."

Uliniangalia. Ukafunga laptop, ukasema, "Sawa, mjomba." Kamati ikakuondoa, wiki hiyo ukapanda basi. Faili lako likawekwa kando na mimi nikarudishiwa minara yangu.

Nilidhani nitafurahi. Mama yako alikuja hapa Gitting baada ya Krismasi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Baltazar, mwanangu hajui kusema uongo. Basi kati yenu wawili kuna anayejua." Nilimfokea, dada yangu mkubwa, nikamwambia asiniletee maneno ya jikoni. Akaniangalia kama ulivyoniangalia wewe. Mnafanana macho.

Mwezi uliopita tukabadilisha ruta ya Mogitu. Nikaiandika kwa mkono kama zamani, nikakosea namba moja, shule nzima ikakosa mtandao. Nilihangaika na namba hiyo mpaka nikaona aibu ya peke yangu, maana safari hii hapakuwa na mtoto wa kumsingizia. Ndipo nikafungua faili lako kwenye ile laptop ya ofisi. Nilitaka kuangalia namba ya Mogitu tu, lakini nikajikuta nimefika Yaeda. Juu ya mistari ya Yaeda uliandika kwa Kiswahili: "Mjomba ndiye anayeijua njia hii. Aulizwe kwanza."

Nilifunga laptop nikaenda kuchambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Usidhani sasa nimekuwa malaika wa kwenye kadi ya Pasaka. Bado nasema programu ambayo inafuta jasho la mtu bila kumuonyesha kwanza inachofuta haina adabu. Na wewe ulikosea jambo moja, nalisema na usininunie: uliniamini kwa sababu mimi ni mjomba. Ruta haina mjomba. Ungeifanya ikuonyeshe kilichobadilika kabla haijagusa kitu, uongo wangu ungeuona siku ile ile. Nimesoma, nimeona inawezekana. Nimejaribu kwenye ruta ya hapa Gitting na imekubali, mimi mwenyewe, Baltazar wa darasa la saba. Cheka tu.

Nilimweleza Mzee Sebastiani kwamba nataka kusema ukweli kwenye mkutano. Akatikisa kichwa. "Yameisha hayo. Mtoto yuko mjini, minara inafanya kazi. Unachokoza nini?" Nikamwambia, "Mzee, najichokoza mwenyewe." Abdulrahim mweka hazina akanivuta pembeni: "Watakunyang'anya funguo za minara, unajua hilo?" Nikamjibu wachukue. Wachukue na ngazi yangu, wapande wao. Wananiogopesha kwa aibu! Hiyo aibu nimelala nayo tangu Desemba, naijua kuliko wanavyoijua wao, na kwa hiyo sinyamazi. Hata padri akiniambia ninyamaze, nitanyamaza kanisani tu.

Kwa mama yako nimeshakwenda. Nilimwambia yote, nimesimama mlangoni kwake kama alivyosimama kwangu. Hakunisamehe siku hiyo. Alinipa chai, ila bila kukaa na mimi. Nakuambia ili usisikie kwa wengine kwamba tumepatana. Bado.

Wewe pia sikuombi urudi. Kazi ya huko kama ni nzuri ifanye. Nachotaka ni jina lako lirudi, lenyewe, lipande mlima huu kwa miguu yake, watu walione.

Nisalimie binamu yako Renatus, mwambie ndama wake kakua na ana pembe za ugomvi kama mwenyewe. Shangazi Letisia anakusalimu, pia Marieta wa Yaeda. Restituta anakupa salamu; nilimwambia ukweli yeye na Tluway kabla ya wote. Tluway akaniambia nikaseme mkutanoni na yeye atakuja kusikiliza. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe watu wa kukuambia ukweli mapema.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 29 mwezi huu, pale pale Dongobesh. Mstari wa Yaeda nimeshauandika kwenye faili lako, na leo nimelituma kwenye barua pepe yako ulikague. Siku hiyo, saa nne asubuhi, nipigie simu uniulize swali lako lile lile. Nitaweka spika, wasikie wote waliopiga makofi. Nitajibu: "Ndiyo, niligusa. Uliniuliza, nikakudanganya." Halafu wewe ukiwa huko huko Dodoma utaendesha faili lako minara yote, Yaeda ikiwemo, na mimi nitakaa na mikono mifukoni.

Usipopiga sitakulaumu. Ikifika saa nne na simu haijalia, nitasimama nijiulize mwenyewe kwa sauti, nijibu mwenyewe, na faili nitaliendesha kwa jina lako.

Ni mimi mjomba wako, mkaidi, nikupendaye,

Baltazar Sulle