Joka Lenye Miwani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba dawa ulizoandikiwa unazinywa wewe, si kuwagawia majirani. Mtu akistaafu uuguzi, mama, na wodi nayo hubaki hospitali. Sisi huku wazima.

Gazetini bado nahakiki hadithi za picha, na wenzangu bado wananicheka kwamba nalipwa kusoma katuni. Majuzi mhariri alinitupia vitabu vitatu vipya. Cha kwanza kilikuwa cha upelelezi. Mpelelezi mtanashati ajabu, lakini mwizi nilimjua mapema, maana ni yeye peke yake aliyechorwa akiwa na kivuli. Cha pili kilikuwa cha majambazi, damu kila ukurasa, mpaka nikamhurumia aliyenunua wino mwekundu.

Cha tatu ndicho kilichonishikisha kalamu. Ni hadithi ya uchawi na maajabu, na ndani yake mna joka jike lenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Kabla ya kummeza mtu, linamuuliza kama amenawa mikono. Likimkuta na homa, linaghairi, linamlaza, na kumkoromea mpaka amalize dawa. Nilicheka hadi machozi. Kisha nikafunua ukurasa, nikaona pango lake: birika lako la bluu lenye mdomo uliovunjika, na kochi lenye kiraka cha suruali ya baba. Kicheko kikanikauka.

Jina la mchoraji lilikuwa la kubuni. Nikamwomba mchapishaji nimhoji, tukapangiwa kukutana mkahawani. Nani akaingia, kofia imemshuka hadi puani? Kitinda mimba wako! Aliponiona akageuka atoke, nikamdaka shati. Akakaa, akaninong'oneza, "Dada, mama asijue. Ataniua."

Ndiyo hivyo, mama. Ile ofisi ya bima aliiacha kitambo. Alisema kule alijiona kama shati linalopigwa pasi mtu akiwa bado ndani. Sasa anachora, na amekuficha kwa kuwa ulizoea kusema kuchora ni mchezo wa watoto.

Sikuweza kumhakiki ndugu yangu wa damu. Nilimweleza mhariri, naye akampa kitabu yule bibi mkali anayeandika habari za mahakama, ambaye hacheki hata akitekenywa. Ameandika kwamba mwisho umekwenda mbiombio, ila joka lile angetamani lingemlea yeye. Mdogo wangu aliusoma uhakiki huo barabarani, akalia palepale. Na mimi nililia, ingawa watu niliwaambia ni vumbi.

Anakuja Jumamosi kukueleza mwenyewe, na hajui kama nimekuandikia. Lakini nakujua, mama: ukishtushwa, unafoka kwanza, unapenda baadaye. Basi foka leo, ukiwa peke yako, umalize kabisa. Jumamosi ibaki ile sehemu ya pili.

Wasalimie majirani wote unaowatibu bila wao kuomba. Kitabu nimekifunga pamoja na barua hii. Kisome, kisha ukifiche.

Mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wako