Salamu za Askari wa Boma

Marahaba, mjukuu wangu Mwanakombo.

Huku Msambweni sote tu wazima, alhamdulillahi. Dadako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini nililia mlangoni mwa makumbusho nikakataa kuingia. Jengo lile lilikuwa boma la Wazungu. Babangu alifungwa mle kwa kukata mikoko bila kibali. Kila asubuhi nilimpelekea uji. Siku ya nne askari aliupokea, akaniambia, "Babako anakusalimu." Nikarudi mbio kumwambia mama. Kumbe baba alikuwa amefariki tangu jana yake.

Nilimchukia askari yule miaka mingi. Siku hizi nadhani alishindwa tu kumwambia mtoto.

Ukienda tena, ingia chumba cha nyuma alimofungwa babangu, umsomee Fatiha. Mimi siwezi.

Bibi yako,
Mwanasha