Fundi Shabani, Ilikuwa Pweza

Fundi wangu Shabani,

Saita, fundi. Nakuamkia kwa lugha ya kwetu, ile uliyokuwa ukiitamka kwa mdundo wa Pangani mpaka akina mama wa sokoni wanaacha kupima maharage ili wakucheke vizuri. Huko uliko najua hakuna posta. Lakini mimi nimeshafikisha mahindi Malambo wakati wa masika, barabara haionekani, lori zima limekuwa rangi ya tope, kwa hiyo barua moja haiwezi kunishinda. Mwandiko nivumilie. Darasa la nne ni darasa la nne, hata kama mwenye nalo amelala Lusaka na kunywa chai Mombasa.

Nikupe habari za hapa kwanza, maana jambo lenyewe lina uzito na sijajua nilibebe vipi.

Sukari ilionekana Karatu wiki moja, ikapotea tena. Mlima wa Mto wa Mbu bado unavunja springi. Mzee Hamisi ameng'oa ule ubao wa kibaraza cha duka lake, ule uliokuwa unakuchana suruali, akapigilia mpya. Miaka yote ulilalamika akasema misumari hakuna. Umeondoka, misumari imepatikana. Siku nilipouona nilitaka kumpiga, fundi. Badala yake nikaukalia, nikawa naushika shika kama mtu anayetaka kuununua.

Mama Zuhura wako ametoka eda juzijuzi. Amekaa mwenyewe kwenye cherehani yako. Anashona shuka za lubega za Wamasai wa Olbalbal, na wanamwambia pindo lake limenyooka kuliko lako. Usikasirike. Kweli limenyooka.

Sasa jambo lenyewe.

Unakumbuka fumbo la maneno lililouliza shimo la volkano, herufi sita? Kibaraza kizima kilikwama. Tunaishi mlangoni pa Ngorongoro, wazungu wanapita hapa na kamera shingoni kwenda kulitazama shimo hilo hilo, na sisi tunaandika KRETA, herufi tano, chumba kimoja kinabaki kitupu. Wewe ulichonga penseli kwa wembe, ukafuta kwa kipande cha kandambili, ukaandika, ukafuta, mpaka gazeti likatoboka. Mzee Hamisi akasema, "Labda waandishi wenyewe hawajafika huku." Nikaondoka na lori kwenda Arusha. Keshokutwa yake nimerudi, sijazima hata injini, nikakupigia kelele kutoka dirishani: "Kasoko! Fundi, andika kasoko!"

Ulihesabu vyumba kwa kidole. Vikatosha. Ukasimama na sindano mdomoni ukanipigia saluti. Gazeti la majibu lilipofika Karatu siku mbili baadaye, limeandika KASOKO, na tangu siku hiyo mimi nikawa Bingwa. Hata makondakta wa mabasi: "Bingwa, za safari?" Nilikwambia jibu lilinijia Makuyuni nikiwa nabadili gia.

Halikunijia Makuyuni, fundi. Nililisoma Arusha. Gazeti linafika Arusha mapema, huku mpaka basi lipate mafuta, lipate tairi, lipate na dereva mwenye moyo. Ninyi mkiwa mnaanza kujikuna vichwa, mimi nimeshayaona majibu ukutani kwa wakala wa magazeti. Mara ya kwanza nilitaka mcheke tu, halafu niwaambie. Lakini ile saluti! Mimi watu wamezoea kunipigia honi, siyo saluti. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikasoma tena majibu, nikayakariri njia nzima kama mtoto wa kipaimara. Metali iliyo maji maji: zebaki. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani: Baikali. Nilikuwa nayatupa kibarazani moja moja, najifanya nafikiri, nakunja na uso.

Na haya mambo niliyajua kweli mwishowe, hilo nalo nakwambia. Wewe ndiye uliyekuwa unasema tusiandike tu, tuulizane. Zebaki ilitupeleka mpaka kwa mwuguzi wa zahanati atuonyeshe kipimajoto. Baikali ulinichorea kwa chaki ya kushonea, kwenye paja la suruali ya mteja. Nikaanza kuwaambia watu njiani habari za Baikali. Pale Arash niliwaambia wachungaji kuwa kuna ziwa la maji matamu ambalo ng'ombe wote wa dunia wakinywa halipungui. Mzee mmoja akaniuliza liko mwendo wa siku ngapi kwa miguu.

Basi ikaja ile siku. Nilikuwa nimeshinda Malambo wiki nzima, nimepanda kupitia Olbalbal, vumbi mpaka kwenye kope. Arusha sikuwa nimekanyaga. Nakaribia kibarazani nasikia, "Bingwa huyo!" Fumbo umeshalijaza lote, fundi. Lote, peke yako. Ulitaka tu nikuhakikishie moja: mnyama mwenye mioyo mitatu, herufi tano. Ulikuwa umeandika PWEZA.

Ukasema, "Nimemwona kwa macho yangu, Petro. Mama yangu alimpasua pale Pangani, akanihesabia."

Na mimi, kwa kuwa watu wanasikiliza, kwa kuwa Bingwa hawezi kufika akasema tu ndiyo halafu akanawa uso, nikacheka. Nikakwambia, "Fundi, ulikuwa mtoto, uliona vipande vya mboga. Mnyama wa mioyo mitatu ni twiga. Shingo ile yote, moyo mmoja utapandishaje damu? Mimi nawapita kila siku." Watu wakasema eeh, kweli. Maana huku kwetu nani anamjua pweza? Twiga kila mtu amemwona. Mzee Hamisi akasema hata lori langu likipanda mlima linahitaji gia tatu.

Ulinitazama. Halafu ukachukua kipande cha kandambili ukafuta. Hukufuta chote, maana W na A zilikuwa zinakaa pale pale. Ukafuta P, E na Z, ukaandika T, I na G.

Kesho yake nilikuwa Arusha. Siku iliyofuata, ukutani kwa wakala, jibu limeandikwa PWEZA.

Ningeweza kurudi nikasema. Ni sentensi moja tu. Basi lilikuwa bovu, wakala akanipa mimi furushi la magazeti ya Karatu. Nilipofika juu ya mlima nikasimamisha lori, nikatoa gazeti la kibaraza, nikachana ukurasa wa majibu. Niliukunja nikauweka chini ya kiti. Ulipolifungua uliona pameachwa meno. Ukasema tu, "Panya wa Arusha siku hizi wanasoma." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, fundi, nilicheka kuliko wote.

Haukupita mwezi ukaugua. Nilikuwa Loliondo. Niliporudi nilikuta kibaraza kimefungwa na watu wamekaa chini.

Siku ya arobaini yako nilikuja nyumbani kwako. Dua imesomwa, pilau imeletwa, wakaniita Bingwa nikae mbele. Sahani ikanishinda. Nikasimama nikawaambia yote: Arusha, ukuta wa wakala, twiga, ukurasa nilioukunja. Nilikuwa nao mfukoni. Mzee Hamisi akasema, "Yaani mwaka mzima tunakuamkia Bingwa, kumbe unatusomea?" Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha. Nilitamani waendelee kucheka. Kicheko ningekiweza.

Mama Zuhura alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nikasikia sauti yake: "Shemeji, hebu rudia. Ni pweza?"

Nikasema, "Ni pweza, shemeji."

Akasema, "Maana alikuwa ananiuliza. Anashona, anaacha, ananiuliza: hivi kweli mama alinihesabia ile mioyo, au niliota? Alisema kichwa chake kimeanza kumdanganya. Akaacha hata kunisimulia habari za Pangani."

Fundi.

Nilikuchukulia herufi tatu, nikadhani ni herufi tatu tu.

Niliupitisha ule ukurasa chini ya pazia. Nikasikia anaunyoosha kwa kiganja. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama wanafunzi wa ngumbaru: "Pwe-za." Akasema, "Basi alimwona." Nikamjibu, "Alimwona, shemeji. Mama yake alimpasua, akamhesabia, moja, mbili, tatu." Ndipo akalia, na kibaraza kizima kikainamia sahani zake.

Tangu siku ile sijaitwa Bingwa. Wananiita Petro, wengine Twiga, na sijakataa. Nilidhani hawatanitaka tena pale. Lakini mzee Hamisi alinisogezea gazeti mwenyewe, akasema, "Kaa hapo ujikune kichwa kama sisi." Nikifika Arusha sasa napita kwa wakala nimegeuza uso kama mtu aliyegombana na shangazi yake.

Nakuahidi hivi. Sitakusomea jibu wala sitamsomea mtu. Kila mgeni atakayekaa kibarazani nitamwambia fundi Shabani wa Pangani alijaza fumbo zima peke yake, na mtu aliyemharibia ni mimi. Na kila nikipeleka mzigo, popote nitakaposimama, nitasimulia habari za mama yako na pweza wake, mpaka wachungaji wa Arash waniulize na huyo yuko mwendo wa siku ngapi.

Pumzika, ndugu yangu. Mola wako akupe mahali penye mwanga wa kutungia sindano.

Leo wameuliza mji mkuu wa Mongolia. Kibaraza kizima kilinigeukia kwa mazoea, na Mama Zuhura akasimamisha cherehani. Nikasema, "Sijui." Hakuna aliyecheka. Mama Zuhura akasema, "Hata mimi," akaendelea kushona. Tumeviacha vyumba vitupu, fundi, tunangoja basi.

Wako,
Petro, dereva