Kitenge Bila Mtoto

Jumamosi, kambini Rubondo

Leo nimejifunga kitenge cha kubebea, nikaenda bombani nimeinama kama kila siku. Jirani yangu Mama Riziki akacheka: "Mama Zawadi, unabeba nani?"

Kumbe mgongoni hakuna mtu. Zawadi wangu asiyetembea yuko Mbarara kwa masista, watamtunza siku tano ili nipumzike. Ila miaka yote tisa hajakubali kulishwa na mkono mwingine. Mungu anajua nilivyoogopa.

Jioni sista akapiga simu. "Mama, amekula bugali na maharagi, tena akafungua kinywa aongezewe."

Nimelia kidogo, nimecheka mingi.

Kesho nitaimba na korali mpaka misa iishe. Mama Riziki anasema sauti yangu imeshika kutu. Atasikia.