Sahani ya Bluu Niliyokununulia

Mdogo wangu,

Umenifungia namba yako, ndiyo maana barua hii naiweka kwenye kundi la wasafirishaji mtandaoni, ikufikie kwa mkono wa yeyote. Jina lako silitaji. Waliokusengenya wanakujua tayari, na hao ndio walionisikia nikikunyamazia. Basi na wanisikie leo nikikuomba radhi.

Unakumbuka ulivyofika Xiaobei, mtaa wetu Waafrika huku ugenini? Ulishuka na begi la jeshi, shati limenyooka utadhani ulisafiri umesimama. Ulisema jeshi umeacha, umechoka, nami sikuchimba. Nikakupeleka kwa Bi Zuhura, laoban, yaani bosi wetu, mwenye ofisi ya kargo, akakupa kazi ya kufunga mizigo siku hiyohiyo. Haikupita wiki maboksi yakawa yamesimama mistari kama paredi, nawe unaita alama za wateja zilizoandikwa juu yake kwa sauti ya sajini. Tulikucheka mpaka machozi. Papa Jean, yule mfungaji marobota wetu kutoka Lubumbashi, alikupigia saluti kila asubuhi, mkanda wa gundi mkononi.

Saa saba tulikula. Sinia moja, wali wa Bi Zuhura, kila mtu na upande wake. Wako ulikuwa kulia kwangu. Ulikuwa ukinisogezea nyama ukidhani sioni.

Halafu akaja yule mteja aliyekuwa kambi moja nawe. Wewe siku hiyo ulikuwa bandarini Nansha. Alikaa kwenye kiti chako, akanywa chai yetu, akatuambia hukuacha jeshi. Uliondolewa, akasema, kwa sababu unapenda wanaume. Mimi, dada yako, nikajitia kupanga makaratasi.

Kesho yake ulipotia mkono siniani, Papa Jean akarudisha kiti nyuma. Bi Zuhura akasema hana njaa. Hakuna aliyekutukana. Nami, kwa kutaka amani, nikashuka duka la chini nikakununulia sahani ya plastiki ya bluu na kijiko chake.

"Hii yako," nilikwambia, "ule kwa nafasi."

Uongo mtupu. Uliitazama sana ile sahani.

"Da Rehema," ukasema, "siku barua ya kuniondoa ilipofika kambini, koplo wangu alikuja akakaa kitandani kwangu, tukala mkebe mmoja. Na yule si ndugu yangu."

Ulikula kwenye sahani hiyo siku tisa. Siku ya kumi hukuja kazini, na chumbani kwako nikakuta kitanda kimetandikwa kijeshi.

Mama hupiga simu kila Ijumaa. Swali lake ni lilelile: "Mnakula pamoja?" Nami humjibu ndiyo, Mama, pamoja.

Sasa sikia. Mwezi uliopita tumepata mfanyakazi mpya, Achieng, mwanafunzi kutoka Kenya anayetuandikia hati za mizigo. (Haya ninayoyasema juu yake ameyasoma mwenyewe, akaniruhusu.) Siku ya tatu, mikono iko kwenye wali, Bi Zuhura akamuuliza ataolewa lini.

"Mimi mpenzi wangu ni dem, Auntie," akasema. "Kama iko noma niambieni saa hii, nijipange."

Sahani ya bluu ilikuwa kabatini, nyuma yangu, na nilijua ni wapi hasa. Aliyesogea ni Papa Jean. Akampisha kulia kwangu, upande wako, akasema, "Kula, mutoto, chakula inapoa." Bi Zuhura akamwekea ukoko, macho yake kwenye sinia.

Baadaye nikamuuliza Papa Jean kulikoni.

"Tulimukosea mumoja, maman. Inatosha." Akavuta mkanda wa gundi, akaukata kwa meno. "Siku ile tulikuangalia weye dada yake, tuone utafanya nini. Ukaleta sahani."

Sikufurahi, mdogo wangu. Nilimwonea Achieng wivu, tena wivu mbaya. Alipewa kwa dakika moja kile nilichokunyima wewe, niliyelala nawe kitanda kimoja utotoni. Nilikwenda stoo nikalia nimeegemea marobota. Na Bi Zuhura usidhani amegeuka malaika. Bado anasema mambo hayo hayaelewi, na kila siku anamwombea Achieng mume. Lakini anakula naye. Wakati wako hata hilo halikuwepo, na wa kulianzisha nilikuwa mimi.

Nakuona ulivyokuwa ukifuta kile kijiko kwa leso kabla ya kukirudisha kabatini, kama mgeni asiyetaka kusumbua wenyeji. Roho inaniuma kila nikilifungua lile kabati.

Ulipo nimepajua, sipataji. Nimeambiwa tu kwamba stoo ya huko maboksi yamenyooka kama paredi, nikajua ni wewe. Jumapili saa saba nitasimama nje ya kituo cha treni kilicho karibu nawe, na sinia lililofunikwa, wali na ukoko wake. Ijumaa itakayofuata Mama akiuliza, nitamwambia ukweli, vyovyote utakavyokuwa.

Sahani ya bluu nimeitia mkobani. Kama moyo wako haujawa tayari kula nami, usinifukuze. Nipakulie humo, nami nitakaa pembeni nile.

Ni mimi,
dada yako