Gauni Lililosomwa kwa Ndani

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha wiki iliyopita. Mgongo wako je? Usiinamie cherehani kutwa nzima bila kunyanyuka, nakujua.

Nimepata kazi yangu ya kumalizia chuo. Nitatundika nguo zilizogeuzwa, ndani nje, ishirini na mbili, zining'inie ukumbini kwa kamba. Mtu apite katikati yake aone kile ambacho fundi peke yake hukiona: mshono ulipofumuliwa, kiraka kilipowekwa, chaki ilipogoma kufutika. Nguo kwa nje husema uongo wa siku moja. Kwa ndani inasema maisha yote ya mwili uliokaa humo. Wazo hili nimelipata mezani kwako, nilipokuwa nakushikia pini.

Walimu wanataka kila mmoja awe na daftari la kazi, aandike kila siku amefanya nini, kwa nini, na amekosea wapi. Langu lina michoro tu. Nikishika kalamu pale najiona kama natoa ushahidi mahakamani. Kwako naandika bila kusita, kwa hiyo barua hizi ndizo daftari langu. Zitunze.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na ningekuwa karibu ningekupa na busu la paji. Mgongo unaniuma asubuhi, mchana unaniacha, tumeshazoeana.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara moja peke yangu, mara tatu kwa sauti hapa dukani. Mimi niliyeishia darasa la saba, binti yangu anaandika maneno mpaka wateja wanaacha kupimwa ili wasikilize! Mke wa mwenye duka la dawa aliomba nirudie. Yule ninayemwita Mama Shingo, kwa jinsi anavyoibeba kama amekatazwa kutazama chini. Unajua binti yake mko darasa moja, na tangu alipochaguliwa hatujapumua hapa, utadhani chuo kilijengwa kwa ajili yake. Safari hii hakumtaja. Nikamwona anameza mate. Basi nikasoma tena pale pa uongo wa siku moja, taratibu, neno limwingie vizuri.

Akaomba aende nayo nyumbani mumewe aione. Nikampa, pamoja na zile za Januari na Februari. Acha zikae vichwani mwao.

Sasa sikia la kazi. Usitafute nguo mpya, hazina la kusema. Ukifumua mshono, matundu ya sindano hubaki. Piga pasi utakavyopiga, yapo. Hesabu mistari ya matundu, utajua nguo imetanuliwa mara ngapi. Tazama na uzi. Mtu aliyetulia hutafuta uzi wa rangi ileile. Mwenye haraka au mwenye huzuni hushona kwa uzi wowote uliopo.

Liandike hilo, useme umefundishwa na nani.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Siumwi, ila chakula hakishuki, na sitakuficha.

Wiki iliyopita tulianza kuwaonyesha walimu kazi zetu. Binti wa Mama Shingo alikuwa wa siku ya kwanza. Alitundika nguo zilizogeuzwa, kwa kamba, katikati ya ukumbi. Mimi nilikuwa wa siku ya pili. Nilipofunua kazi yangu mwalimu mmoja alicheka, alidhani nafanya mzaha. Baadaye hakuna aliyecheka. Daftari la mwenzangu lina tarehe kila ukurasa. Langu lina michoro isiyo na tarehe hata moja. Kikao cha walimu kitakaa tarehe 12 Juni, na wakiamua kwamba nimenakili, nitafukuzwa.

Mwalimu alinisomea ukurasa mmoja wa daftari lile anione nitasema nini. Umeandikwa: nguo kwa nje husema uongo wa siku moja. Sentensi hiyo sikumwandikia mtu mwingine duniani ila wewe.

Mama, barua zangu ziko wapi?

Mwanao

26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakuuliza hali na jibu nalijua, basi nisijifanye.

Unajua ziko wapi. Nilikuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, nikijisifu. Sikumpa ili ampelekee binti yake akuibie. Nilimpa zimuume. Zilimuuma, kumbe naye ana meno.

Nimelia siku moja, imetosha. Sasa sikiliza. Gauni lake la bluu liko hapa kwenye ndoano. Amelileta nipunguze mikono, alivae siku ya maonyesho ya chuo, aje kumtazama binti yake akipigiwa makofi kwa jasho lako. Mungu akupe nini tena? Nitafumua mshono wa mgongoni, kisha niushikize tu kwa mishono mirefu, ile ya kujaribia. Kwa macho hutaona kitu. Akiinama kuokota kipochi, ukumbi mzima utajua rangi ya gaguro lake la ndani. Nimeshafanya hesabu, mshono utaanza kufumuka kiunoni na kupanda juu.

Juzi alipita kuuliza limefika wapi. Nikamwambia, dada yangu, gauni hili nalishughulikia kwa moyo wangu wote. Akanishukuru.

Kula, hata uji. Nataka uwe na nguvu ya kucheka siku hiyo.

Mama yako

1 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimekula.

Usiguse mgongo wa gauni hilo. Gaguro la mtu halitanirudishia kazi yangu, na wewe hujawahi kutoa nguo mbovu kwenye duka lako. Usianze kwa ajili yangu.

Nikikwambia sina hasira nitakuwa naongopa. Namwona kila siku ukumbini anarekebisha kamba zake. Jana aliniomba mkasi. Nikampa, halafu nikabaki nautazama mkono wangu.

Kikao kimekubali mzazi aje kushuhudia. Nenda kwa Mama Shingo, uombe barua kwa upole, uje nazo. Zina tarehe. Sihitaji kingine.

Mwanao

5 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na ahsante kwa kula.

Nimekwenda. Kwa upole, kama ulivyoagiza, mpaka taya limeniuma. Alinikaribisha kiti, akaniuliza mgongo wangu. Nilipotaja barua akafikiri kidogo kisha akasema, "Aa, zile karatasi? Nadhani dukani walifungia vidonge." Akatabasamu. Maneno ya mwanangu, watu wamefungiwa vidonge vya kuharisha.

Nikaaga, nikaondoka. Unanijua, nikinyamaza ujue nakata kitambaa.

Mgongo wa gauni sitaugusa, nakuahidi. Nitakuja tarehe 12 na nguo moja tu ndani ya mfuko. Usiniulize ni ya nani. Nguo ni nguo.

Mama yako

14 Juni

Mwanangu, ushindi wangu,

Habari za tangu juzi? Uliondoka kikaoni kabla sijakukumbatia, nikakusubiri uani mpaka basi likakaribia kuniacha. Nikajua umechoka. Basi nakuandikia ilivyoonekana kutoka kwenye kiti changu, maana mambo kama haya lazima yaandikwe, na safari hii tarehe nimeiweka juu kabisa.

Walimu watano, meza ndefu, na mwenyekiti mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Akaniuliza kama nina barua. Nikasema sina, zimefungiwa vidonge. Mmoja akakohoa. Nikamwambia mwenyekiti, mheshimiwa, mimi sikusoma, lakini kazi hii si ya kusoma karatasi, ni ya kusoma nguo. Mwenye kazi ataweza. Aliyeiba sentensi ana sentensi tu. Nikatoa gauni mfukoni, nimeshaligeuza, bitana nyeupe nje, bluu haionekani hata uzi. Nikasema wapeni mmoja mmoja.

Mwalimu aliyekaa kulia akataka kukataa. Mwenyekiti akasema hapana, hili nataka kuliona.

Akaanza binti wa Mama Shingo. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Akasema ni gauni la mwanamke, limevaliwa sana, lina kumbukumbu nyingi. Mwenyekiti akamuuliza kumbukumbu gani. Akasema za furaha na huzuni. Nikatazama dari nisicheke.

Ukaja wewe. Hukuharakisha. Ulilipeleka dirishani, ukapitisha kidole kiunoni, na mimi nikajua kidole hicho nimekizaa mwenyewe. Ukasema hapa kuna mistari mitatu ya matundu, limetanuliwa mara tatu, kidogo kidogo, kama mwezi mmoja kati ya mara na mara. Ukasema vipande vya uzi vilivyobaki kwenye mistari yote mitatu ni vya rangi ya bitana, vimechaguliwa kwa furaha. Halafu ukarudisha kidole kiunoni. Mwenyekiti akasema endelea.

"Kisha limerudishwa lote kwa siku moja," ukasema, "mpaka pale pa mwanzo, kwa uzi mweusi. Mwenye gauni alikuwa na mimba. Mtoto hakufika."

Hata mimi nywele zilisimama, na mimi ndiye niliyeushona uzi ule mweusi, miaka saba iliyopita. Mwenyekiti akavua miwani yote miwili. Ndipo nikainuka, nikaligeuza gauni mbele yao, bluu ikatoka, nikamtazama yule binti usoni ili nione. Na nikaona. Akasema polepole, "Hilo ni gauni la mama." Akakaa chini, sakafuni, viti vipo.

Mwanangu, nimeshona miaka ishirini na sita na sijawahi kutoa kazi iliyokaa vizuri mwilini kama ile. Sikugusa mgongo wake hata sindano moja. Mpaka hapa mtaani wameshasikia, maana nimewasimulia.

Niandikie uamuzi.

Mama yako anayetembea shingo juu

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Nipo.

Walimu wameamua kazi ni yangu. Nitamaliza chuo. Mwenzangu hakusubiri kusomewa, nilimkuta bwenini anafunga mizigo, gauni la bluu ulilomwachia likiwa juu ya begi. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama matundu yale yanaweza kuonyesha ni mwaka gani. Anasema alikuwa na miaka kumi na minne, mama yake alilala chumbani wiki mbili, wakamwambia ni malaria.

Usinijibu kwamba aliiba. Najua aliiba, mimi ndiye niliyeibiwa.

Nilisoma mwili wa mtu mbele ya mtoto wake. Ungeniambia gauni ni la nani ningefunga mdomo, na ulijua hivyo, ndiyo maana hukuniambia. Nimetengeneza kazi nzima juu ya anachokiona fundi, nikasahau kuuliza kwa nini fundi huwa hasemi.

Nenda kwake. Sitaandika mpaka uende.

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu, nami nitajijibu mwenyewe: nipo, mgongo upo, duka lipo. Ndani yake hakuna mtu.

Wateja walianza kuondoka wiki ile ile nilipokuwa nasimulia. Wanaingia, wananiamkia vizuri, wanasema naomba ile nguo yangu nitaileta siku nyingine. Mmoja alichukua suruali ya mumewe nimeshapinda mguu mmoja, mwingine bado. Nikamwambia subiri dakika kumi nimalize. Akasema haidhuru. Mwanangu, kuna mwanamume anatembea na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine kwa kuniogopa mimi. Nilicheka, halafu nikafunga cherehani.

Kwa Mama Shingo nilikwenda mara tatu. Mara mbili nilifika getini nikageuka, na njiani nikakutukana wewe. Mara ya tatu ilikuwa jana asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa maneno, nusu ya kuomba radhi na nusu ya kumkumbusha vidonge. Alifungua mwenyewe. Hakuniambia karibu wala ondoka. Shingo ilikuwa palepale, ila macho yalikuwa chini.

Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Nikasema nilijua. Nililitanua mimi mara zote tatu, nikalirudisha mimi.

"Miaka saba unanizungushia futi kiunoni," akasema. "Hata pole."

Hapo nusu zote mbili za maneno yangu zilipotea. Nilifundishwa kwamba fundi hasemi juu ya mwili wa mteja, nami nikajivunia hilo miaka yote, hata ile siku alipoleta gauni lirudishwe lote. Nikashona uzi mweusi, nikamwambia tayari. Neno moja nililomnyima yeye nikaenda kuwapa watu watano wasiomjua.

Nikamwambia pole. Ilitoka ndogo, kama imekaa kabatini muda mrefu. Akasimama nayo mlangoni. Nikaona anahesabu kitu kichwani, labda umri ambao mtoto yule angekuwa nao.

Kisha akasema, "Pole yako nimeipokea. Wewe sijakupokea." Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na hilo ndilo lililonishinda njia nzima ya kurudi.

Usidhani nimemsamehe. Nikikumbuka alivyotabasamu juu ya barua zako, mkono bado unaniwasha, na nikizeeka utaniwasha vilevile. Naye hatanisamehe, na ana haki, ningekuwa yeye ningesema vibaya zaidi. Tutakutana njiani, tutapishana.

Lakini nimekwenda. Niandikie.

Mama yako